Jumbe za Tundu la Kumi na Saba

Jumatatu saa nne asubuhi, fundi wa mtandao wa hospitali alifungua takwimu za swichi, kifaa kinachogawa mtandao kwa wodi zote, akazipitia tundu baada ya tundu: jumbe zilizotumwa, zilizopokewa, zilizoharibika njiani. Kote kulikuwa shwari isipokuwa tundu la kumi na saba, la wodi ya wazazi. Pale, katika kila jumbe tatu, mmoja haukufika.

Alishuka chumba cha mitambo, akafungua kabati. Jumbe zilizopotea zilikuwa sakafuni chini ya kebo, zimerundikana hadi kwenye kifundo cha mguu, ndogo kama punje za dengu. Mfagizi alimwonya kwamba zinawasha pua. Yeye alikuwa akizizoa pamoja na vumbi tangu mwezi uliopita.

Fundi aliketi juu ya boksi, akazisoma mmoja mmoja. Nyingi ziliomba shuka. Kisha akaokota mmoja ulioandikwa: Daktari, kitanda cha nne anavuja damu, njoo. Zilikuwepo tano za namna hiyo, zimetumwa ndani ya dakika kumi na moja.

Ndizo ambazo muuguzi wa zamu aliapa kuwa alizituma. Hakusadikiwa, mama wa kitanda cha nne alizikwa, na muuguzi akafukuzwa kazi. Muuguzi huyo alikuwa wifi yake fundi, na fundi mwenyewe ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba mtandao hauna hitilafu.

Alizibeba zote tano kiganjani, akampelekea mkuu wa idara. Mkuu alizisoma bila haraka.

"Makosa ya jengo zima ni sifuri nukta mbili kwa mia," alisema. "Kiwango kinakubalika."

"Mzee, yule mama hakulazwa jengo zima. Alilazwa kitanda cha nne."

Mkuu akajibu kwamba ripoti ilishasainiwa, na kebo mpya haimo kwenye mpango wa mwaka huu. Akabonyeza kibodi, hesabu zote zikarudi sifuri. Zile jumbe akazifungia kwenye droo.

Jioni fundi alimweleza wifi yake kila kitu. Wifi alisikiliza huku akikunja nguo za watoto.

"Kwa hiyo nilisema kweli."

"Ulisema kweli, wifi. Nisamehe."

"Waambie wao."

"Nimewaambia."

Wifi akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake takwimu zilisoma sifuri, na kabatini jumbe zilidondoka kama kawaida. Fundi akahamishia meza yake pale chini. Karibu na saa sita mmoja ukamwangukia mapajani, bado wa moto. Akausoma, akapanda ngazi mbio hadi chumba cha madaktari.

Mpaka leo hupanda hivyo mara sita au saba kwa siku. Siku akiugua, hakuna anayepanda.