Jongoo Shingoni mwa Mama Mkwe

Apolonia alikuwa ameona mengi katika maisha yake, lakini watu wazima na ndevu zao kuwapigia mende makofi, hilo alikuwa hajaliona. Aliliona Jumamosi ile mjini Geita, kwenye uwanja wa shule aliyofundisha mkwewe. Mende wanne walikuwa wamewekwa kwenye vijia vya mbao, kila mmoja na doa la rangi mgongoni, na kijana mwenye maikrofoni alikuwa akitangaza mbio zao kama mtu anayetangaza mpira. Wachimbaji waliotoka shimoni na mabuti yao ya matope walikuwa wakimshangilia mende wa njano hadi sauti zinawakauka. Mende! Mwanamke mwenye heshima zake akimwona mende jikoni hatangazi. Anampiga kandambili kimyakimya, anamfagia nje kabla mgeni hajatupa jicho.

"Mungu wangu," alisema, akaziba pua kwa upindo wa kitenge.

Hakuja kwa ajili ya mende. Alikuja kumchukua Limi, mjukuu wake wa darasa la pili, mtoto pekee aliyeachwa na binti yake Noela. Malaria ilimchukua Noela mwaka juzi, akiwa mjamzito, na tangu hapo Limi alilelewa na baba yake, Mwalimu Sostenes, katika nyumba ambayo Apolonia aliingia wakati wa matanga akatoka mbio. Juu ya kabati palikuwa na tandu ndani ya chupa. Chini ya kitanda cha mtoto palikuwa na sanduku la jongoo. Yaani mtoto analala juu, jongoo wanalala chini, kama mtu na mdogo wake! Apolonia alirudi kijijini kwake Mwakitolyo akiwa amekata shauri: mjukuu wake hatakulia kwenye uchafu ule.

Kumwambia mkwewe uso kwa uso hakuweza. Kwa Wasukuma wa rika lake, mama mkwe na mkwe mwanamume hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasogeleani. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Heshima hiyo haizikwi hata aliyewaunganisha akizikwa. Kwa hiyo maneno yao yote yalipita kwa Melania, dada yake Sostenes, akapigiwa simu huku na huku mpaka siku moja akaleta jibu.

"Kaka anasema Limi ana akili zake. Njoo siku ya tamasha la wadudu la shuleni, umuulize mwenyewe. Akikubali, ondoka naye siku hiyohiyo. Hatamzuia."

Apolonia alicheka aliposikia. Mtoto gani aachiwe achague kati ya bibi na jongoo, halafu achague jongoo?

Melania alimpokea getini, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hema la jongoo. Ndiye anayewaonyesha wenzake. Mama, usiseme, anajua huyo!"

"Anajua jongoo," alisema Apolonia. "Haya, nipeleke."

Njiani hapakuwa na pa kuweka jicho. Watoto wamevishwa mabawa ya chandarua, nyuso zimechorwa macho ya nzi. Nge amewekwa kwenye kioo, na wazazi wanawanyanyua watoto wao wamwone vizuri. Kupe wamejaa kwenye kopo, wamevimba, na juu yake pameandikwa "KARIBUNI". Baba mmoja alikuwa akitafuna senene huku mguu wa senene umening'inia mdomoni, na anaongea hivyohivyo. Kumbikumbi waliokuwa wakikaangwa pembeni Apolonia hakuwa na neno nao, maana kumbikumbi ni chakula, na amewala tangu utoto. Lakini hawa wengine! Viwavijeshi walimlia mahindi yake, kupe wakammalizia ndama, mchwa wakaangusha ghala lake. Maisha yake yote alikuwa vitani na wadudu, na leo aliwakuta mjini wanafanyiwa sherehe.

Kisha akamwona mbu. Alikuwa ametengenezwa kwa waya na gunia, mkubwa kama ndama, mrija wake umepakwa rangi nyekundu. Watoto walikuwa wamepanga foleni kupiga naye picha. Apolonia alisimama.

"Huyu ndiye aliyemuua mwanangu," alisema. "Na ninyi mmemtengenezea sanamu."

Melania aliinamisha kichwa. "Kaka ndiye aliyemtengeneza, mama. Anasema watu wamjue adui yao."

"Sisi tunamjua." Apolonia alitema mate chini, mbele za watu, wala hakuona haya.

Ndani ya hema, nyuma ya meza ndefu iliyojaa masanduku yasiyo na vifuniko, alikuwa amesimama Limi. Alikuwa amerefuka, na kidevu kilikuwa cha Noela kabisa. Moyo wa Apolonia uliruka kwa furaha, ukaanguka hapohapo, kwa sababu juu ya mkono wa mtoto alikuwa anatembea jongoo mweusi, mnene kama kidole gumba, anang'aa kama aliyepakwa mafuta.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kiweke hicho kitu chini."

Sostenes alipomwona mama mkwe alirudi nyuma hadi nguzo ya mwisho ya hema, akageuza uso. "Mwangaluka, mayu," aliisalimu nguzo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Apolonia aliujibu uwanja.

Melania alimwekea kiti cha plastiki, akaenda kutafuta soda. Hapo ndipo Apolonia alipofanya kosa. Ili asimtazame mkwe, na ili asiyaone masanduku, alikigeuza kiti akaipa meza mgongo. Heshima na kinyaa vilikubaliana siku hiyo, naye akaona amekaa vizuri.

Limi alizunguka meza, akaja kusimama mbele yake.

"Nimekuja kukuchukua," Apolonia alimwambia. "Nimekutengenezea kitanda kwenye chumba cha mama yako. Ng'ombe amezaa, ndama hana jina, anakusubiri wewe. Shule ipo karibu. Utakuja?"

Limi alifikiri. "Na jongoo?"

"Jongoo watabaki na mwenye nao."

Mtoto alitazama kule kwenye nguzo, akamtazama bibi. Apolonia alingoja jibu huku roho ikiwa juu. Wakati huohuo ndipo kitu kilipomgusa chini ya kilemba. Kilikuwa cha baridi, na kilikuwa na miguu mingi, na miguu yote ile haikuwa na haraka. Kilipanda shingo, kikapumzika, kikaendelea kuelekea nyuma ya sikio.

"Limi," alisema kwa sauti nyembamba. "Kuna nini shingoni kwangu?"

"Jongoo, bibi. Amepanda kwenye kiti."

Apolonia alipiga yowe lililozima mbio za mende. Watu wakaja mbio. Sostenes alichomoka kwenye nguzo, akapiga hatua, na mama mkwe akamwona kwa pembe ya jicho.

"Mwambie baba yako asisogee!" alimfokea Limi. "Asinisogelee kabisa!"

Sostenes alikwama pale alipofika, mikono hewani, uso kaupeleka pembeni. "Limi, mwambie bibi yako atulie. Asimpige. Jongoo haumi."

"Bibi, baba anasema tulia."

"Nimesikia! Mwambie afunge mdomo!"

"Mtoe wewe, mwalimu, unaogopa nini?" mchimbaji mmoja wa kuja alipaza sauti. Mzee wa Kisukuma aliyekuwa karibu naye alimkanyaga mguu. "Ni mkwewe huyo. Nyamaza." Wengine walicheka tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Apolonia alikuwa amekaa wima, macho amefumba, machozi yanamtoka kwa kinyaa kitupu, na aliona afadhali afe na jongoo sikioni kuliko mkono wa mkwe umguse shingo mbele ya kadamnasi.

"Mtoe wewe, Limi," alinong'ona. "Mtoe, mama yangu."

Limi alipanda kwenye ukingo wa kiti. Hakumvuta jongoo. Aliweka kiganja chake shingoni mwa bibi, akangoja kwa subira mpaka miguu ile yote ihamie kwake, kisha akashuka. Jongoo alijikunja kiganjani, akatoa majimaji ya kahawia yenye harufu kali iliyomfika Apolonia hadi kooni. Limi alimrudisha sandukuni.

"Amekukojolea kidogo tu, bibi. Ni kwa sababu ameogopa kelele."

Watu walipiga makofi, kisha wakatawanyika kurudi kwa mende wao. Apolonia alijifuta shingo kwa kitenge mpaka ngozi ikawaka. Limi alikuwa akimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mgonjwa.

"Nitakuja, bibi," alisema.

"Unasema?"

"Nitakuja kukaa na wewe. Unaogopa sana. Huko kwako nani atakutolea?"

Kule nyuma Sostenes aliinama, akashika ukingo wa meza. Limi aliunyosha mkono wake ili bibi aushike waondoke.

Ulikuwa mkono uleule. Kiganja kilikuwa na doa la kahawia lililoanza kukauka, na harufu ile bado ilikuwepo. Apolonia alitaka kuushika. Jambo alilokuwa analilia tangu mwaka juzi lilikuwa limeletwa mbele yake, tena kwa hiari. Alituma mkono wake uende, nao ukarudi kifuani, ukajificha ndani ya kitenge.

"Kanawe kwanza," alisema.

"Yakikauka hayanuki, bibi."

"Kanawe kwanza, mjukuu wangu. Kwa sabuni."

Limi aliutazama mkono wake uliobaki hewani, akaugeuza upande huu na upande huu, kama anayeuona mara ya kwanza. Kisha akaushusha, akaenda bombani. Apolonia alisimama, akajifunga kitenge upya, akajiandaa kwa safari. Aliona ameshinda. Alianza hata kuwaza watakula nini njiani.

Limi alirudi mikono ikichuruzika maji. Lakini hakuja upande wa bibi. Alipita nyuma ya meza, akaenda kusimama kando ya baba yake, na Sostenes akakishika kile kiganja chenye maji bila hata kukitazama.

"Nimenawa, bibi," alisema Limi kwa adabu zake zote. "Lakini nitakaa na baba. Baba hunishika hata kama sijanawa."

Apolonia aliutazama mkono wake mwenyewe, ule uliojificha ndani ya kitenge. Kinyaa kilimpanda tena, kikali kuliko cha mende, kikali kuliko cha jongoo, na safari hii aliyemtia kinyaa alikuwa yeye mwenyewe.