Mwenye Mkono Ndiye Aombe

Siku mwenzake wa chumbani alipokubali kuja kwenye kikundi cha maombi, Amina nusura aangushe ndoo ya nguo kwa furaha. Amina si jina lake. Ni la utani, alilopewa na wanafunzi wenzake wa kikundi hicho kwa sababu tangu ajiunge nao hajawahi kuomba kwa sauti mbele yao. Kazi yake ilikuwa kusubiri wengine wamalize, kisha aitikie "Amina" kwa nguvu kuwashinda wote. Zamu yake ikifika, anamgusa wa pembeni aendelee. Hakuna aliyemsakama, lakini mwenyewe lilimkera. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, ila mbele za watu ulimi ulikuwa mzito.

Mwenzake naye alikuwa na lake. Wote wawili walisomea kazi ya maabara, na huyu akishika tu sindano ya kutolea damu, mkono unamtetemeka mpaka mgonjwa anaanza kumpa pole yeye. Mtihani wa vitendo alishaanguka. Kesho alikuwa anaurudia, na akianguka tena, chuo ndiyo basi. Ndiyo maana kwenye vipindi vya mazoezi, wenzao walipokimbia, Amina alikunja ngumi, akageuzia uso ukutani na kumpa mkono wake ajifunzie. Pale ndani ya kiwiko palikuwa pamevilia damu, utadhani kagombana na mlango.

"Nakuja leo tu," mwenzake alimwambia. "Mkianza kunihubiria, naondoka zangu."

Leo tu ilitosha. Amina aliwahi kwenye darasa walilokuwa wakikutania alasiri, akafagia, akafuta ubao, akaburuta viti vikae duara. Kile cha karibu na mlango alikisogeza mbali, maana mgeni wake alimjua vizuri. Alikuwa na raha ya mtoto anayevalishwa viatu vipya.

Na mambo yakaenda vizuri kuliko alivyoota. Waliimba, wakasoma, wakabishana kidogo, wakacheka sana. Mgeni naye akacheka, tena kicheko chake halisi, kile cha kukoromea. Kiongozi wao, kaka waliyemwita Wakili kwa kuwa maombi yake yalikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho, akauliza nani ana hitaji. Mwenzake Amina akasema la kwake moja kwa moja, mtihani na mkono na hofu, bila kupamba. Wakili akakohoa kusafisha koo. Walishajua hapo watakaa.

"Samahani, kaka," mgeni akasema. "Mwenye mkono ndiye aombe." Kisha akamwelekezea kidole Amina, pale pale kwenye kiwiko kilichovilia damu.

Amina akatazama kushoto na kulia. Hapa pa kumgusa wa pembeni hapakuwepo. Kama angekataa, mtu aliyembembeleza mwaka mzima angesimama na kuondoka, akijua kwamba hata rafiki yake hawezi kumsemea kwa huyo Mungu anayemsifia kila siku. Akafumba macho, akaazima maneno ya Wakili. "Ee Mwenyezi, wewe uliye… uliye…" Neno likagoma. Akajaribu tena, likagoma tena. Mdomo ukaamua kujiendea wenyewe, vile ulivyozoea anapompigia simu mzee wake nyumbani.

"Baba, shikamoo."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko cha kubana. Amina akaona aibu inampanda hadi masikioni, lakini ajabu, lile neno lilikuwa limekwisha fungua njia, na mengine yakaja kwa fujo.

"Ni mimi. Kesho mwenzangu anatoa damu. Unajua mkono wake unavyotetemeka, hata mimi najua, tena sana. Umshike. Akikosa mshipa mara ya kwanza, usiache ajichukie. Nampenda, Baba. Nimechoka kumwombea kimyakimya utadhani naiba."

Maneno yakamwishia. Mwili wote ulikuwa unamsisimka, na kama si watu angeruka juu ya kiti. Ameomba! Ameomba kwa sauti, na dari haijaanguka. Tatizo likawa kumaliza. Hakuna aliyeitikia, maana siku zote kuitikia walimwachia yeye. Wote wakakaa macho wameyafumba, wakingojana, na mabega ya Wakili yakaanza kucheza kwa kicheko.

Ndipo kwenye kile kiti kilichosogezwa mbali na mlango ikasikika sauti ya chini, ya mtu anayepima kwanza kama simu imepokelewa.

"Shikamoo, Baba," mwenzake akasema. "Tulipotezana kitambo."