Ngazi Asiyoikumbuka

Fundi wa lipu waliyemwita Timazi, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda, alizinduka kitandani amelala chali, akauliza kama lipu imekauka.

"Lipu gani, baba watoto?" mkewe akamwuliza. "Hapa ni hospitali. Uko hapa tangu jana."

Timazi akatazama dari. Dari nayo ikawa inamzunguka polepole, kama feni iliyochoka. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta hadi gotini, na upande mmoja wa kichwa ulikuwa umevimba. Mkewe akamweleza kwamba kuna mtu kaanguka na ngazi saiti, kutoka usawa wa ghorofa ya pili.

"Nani?"

"Wewe."

"Masikini," akasema Timazi, na mkewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Chai ya asubuhi aliikumbuka. Mchanga na saruji alikumbuka akivichanganya. Baada ya hapo palikuwa na shimo, kisha kitanda.

Siku ya tatu akaja msimamizi wa saiti, mtu wa maneno matamu, na bahasha mkononi. Alitoa pole nyingi, kisha akatoa karatasi na kuisoma harakaharaka: kwamba fundi alipanda ngazi bila kuagizwa, tena amevaa kandambili, na kwamba hana madai yoyote kwa mwajiri.

"Ni utaratibu tu," akasema. "Weka sahihi hapa, tuyamalize."

Timazi akaishika kalamu. Ndani ya lile shimo kichwani alikuwa ameokota kitu kimoja tu: mikono yake mwenyewe ikizungusha waya kwenye kipandio cha ngazi kilichopasuka. Ilikuwa lini, hakujua. Lakini kama waya ni wake, si kosa ni lake? Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Mkewe akainama, akavuta kutoka mvunguni buti moja iliyokatwa na mkasi wa wauguzi.

"Kandambili zenyewe ndizo hizi?"

Msimamizi akakohoa.

"Mume wangu haweki sahihi kwenye jambo ambalo kichwa chake hakilijui," mkewe akasema. "Iache hiyo karatasi, au nenda nayo."

Akaenda nayo.

Aliyekuja kumwona mara nyingi zaidi ni fundi mwenzake waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Kila alipokuja, anguko lilikua. Mara ghorofa ya pili, mara ya tatu. Siku moja Timazi alikuwa ameelea hewani akiwapungia wenzake mkono. Timazi alicheka hadi mbavu zikamwuma. Lakini kila alipouliza, "Na ile ngazi ilikuwaje?" Redio alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Baada ya wiki tatu, Timazi akaenda kwa magongo mpaka ofisi ya kazi ya serikali. Mkewe alikuwa upande mmoja, Redio, aliyeombwa awe shahidi, upande wa pili. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Ulianguka vipi?"

"Sijui, mama."

"Nani alikuagiza upande?"

"Sijui."

"Sasa unajua nini, fundi?"

"Waya. Niliifunga ile ngazi kwa mikono yangu. Naona kosa ni langu."

Afisa akaweka kalamu chini. "Ngazi ilikuwa yako?"

"Ya saiti."

"Waya je?"

"Wa saiti."

"Basi nisikilize. Kukupa ngazi nzima ni wajibu wa mwajiri. Ukiumia kazini umeumia kazini. Sheria ya fidia haikuulizi kama wewe ni malaika. Tena mwajiri alitakiwa alete taarifa ya ajali hapa, na mpaka leo sijaiona. Na ile karatasi aliyonieleza mkeo, hata ungeiwekea sahihi, isingefuta haki yako."

Timazi akaitikia kwa kichwa. Kila neno alilielewa, ila aliyasikia kama mambo ya kesi ya mtu mwingine.

Afisa akamgeukia Redio. Redio alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba kaviazima.

"Siku ile zamu ya kupanda ilikuwa yangu," akasema hatimaye. "Kipandio kilishaoza. Tulimwambia msimamizi, akasema fungeni waya. Timazi akafunga. Mimi nikakataa kupanda. Msimamizi akasema asiyetaka, lango lile pale. Nikasimama tu. Timazi akaniambia, 'Wewe una mtoto mchanga, niachie.' Akapanda."

Timazi akamtazama. Alitafuta hasira asiipate, akatafuta huruma, nayo haikuwa mahali pake. Huyo mtu aliyesema "niachie" alionekana mwema sana, na angependa siku moja kukutana naye.

"Mbona hukuniambia?"

"Bado nafanya kazi pale, kaka."

"Msimamizi akikugusa kwa sababu ya ushahidi huu, rudi hapa," afisa akasema, tayari anaandika. "Hilo nalo ni kosa."

Wakaguzi walikwenda, saiti ikafungwa siku nne mpaka ngazi zilipobadilishwa. Madai yakakubaliwa: matibabu, na sehemu ya mshahara hadi daktari atakapomruhusu kurudi kazini. Msimamizi alihamishwa, wengine walisema kapandishwa cheo. Mguu uliunga, ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake.

Siku waliyokwenda kuchukua barua ya fidia, Timazi na Redio walitoka wakasimama kwenye kibaraza cha ofisi. Jua lilikuwa kali.

"Niliposhika ngazi, nilikuambia nini?" Timazi akauliza.

"Ulisema, 'Shikilia chini, vizuri.'"

"Ulishikilia?"

Gari likapita, na vumbi lake likapita.

"Nilishikilia," Redio akasema.

Timazi alimkazia macho. Alitamani kuamini, na kwa kiasi fulani aliamini. Lakini mtu pekee mwingine aliyekuwepo pale ngazini ni yeye mwenyewe, na yeye hakuwa na la kusema. Mbele yao palikuwa na vidato sita vya kushuka, na bega lililokuwa karibu ni moja tu. Akaliegemea, wakaanza kushuka.