Msalaba Mdogo Pembeni

Siku mwalimu Joab alipotuambia tuweke alama ndani ya kitabu, nilidhani jua limempiga. Kitabu kilikuwa kimoja tu, mali ya kanisa, na mzee Gekara alikitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na vikombe vya Meza ya Bwana. Alituazima kwa sharti moja: kirudi kama kilivyotoka.

"Mwalimu," nikamwambia, "kitabu si ukuta wa jiko, hata kichorwechorwe."

Watu wakacheka.

Tulikuwa watu wa kambi mbili katika shamba moja la chai upande wa Kericho, miaka ile chai ilipokuwa bado changa na vilima vingine vikifyekwa msitu. Kambi ya juu ilikuwa yetu sisi tuliotoka milima ya Kisii. Ya chini ilikuwa ya watu wa ziwani. Mchana tulichuma pamoja, lakini jioni kila mtu alikula na wake. Wao walituita watu wa ndizi. Sisi tuliwaita watu wa mifupa, kwa sababu ya samaki. Ni Jumapili tu, baada ya ibada, ndipo tulipoketi pamoja kwenye banda la kupimia majani kujifunza kusoma. Mimi Bilhah nilikuwa nyanya tayari, na vijana walinipisha nikae karibu na mwanga.

Mwalimu Joab, ambaye ni mtu wa ziwani, hakukasirika. Aliniuliza, "Mama Bilhah, mvua ikikufukuza katikati ya mstari wa chai, unafanya nini?"

"Navunja kijiti, nakichomeka pale nilipoachia."

"Cha nini?"

"Nikirudi nijue. Na mwingine akipita ajue kuna mtu alifika hapa."

"Basi kusoma ni hivyo. Pale neno linapokushika, chomeka kijiti chako."

Jirani yangu Nyambeki alikuwa mwepesi wa kutii. Kitabu kilipofika kwake kwa zamu alichomeka machipukizi mabichi ya chai kila alipopendezwa, akakifunga, akakilalia kisije kikapotea. Jumapili tukakuta kurasa zina madoa ya kahawia.

"Watu wa ndizi wamepika chai ndani ya kitabu!" mmoja wa kambi ya chini akapiga kelele.

Nyambeki akafunika uso kwa leso. Mwalimu akaketi karibu naye, akatazama madoa yale moja moja, akasema yako mahali pazuri, hata yeye angechomeka hapo hapo. Wema ule sijausahau. Kisha akaikata penseli yake vipande viwili, kimoja kwa kila kambi, akatuonyesha la kufanya: mstari chini ya maneno yaliyokupendeza, alama ya kuuliza pale usipoelewa, msalaba mdogo pale palipokuuma. Mwenye neno lake aliandike pembeni, dogo, kwa mkono mwepesi.

Kitabu kilipofika kwangu kilikuwa kimeshapita kambi ya chini. Nilikisoma mlangoni baada ya kupima majani, kidole chini ya kila neno. Ilikuwa hadithi ya kijana aliyeondoka na msafara wa wapagazi, na ya mama yake aliyebaki. Mapema tu nikaona alama ya kuuliza pembeni, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikijiuliza: mbona hakumuaga mama yake? Mtu wa kambi ile, ambaye labda sikuwahi hata kumsalimia, aliketi hapa kabla yangu akashangaa kama mimi. Niligeuka nikatazama nyuma, kana kwamba yupo.

Nikaendelea mpaka mahali ambapo mama yule kila jioni anafunika sahani moja ya mwanawe, na asubuhi anawamwagia kuku. Pembeni palikuwa na msalaba. Chini yake, kwa herufi zilizolala upande: *Hata mimi.*

Nilifunga kitabu. Nikakifungua tena. Maneno yalikuwa bado yapo.

Mwanangu Atuti alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani, na hakurudi. Hakuna aliyekuja kuniambia alilala wapi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba bado nambakizia chakula. Wangesema nyanya ameanza kupotea. Na sasa karatasi ilikuwa ikiniambia siko peke yangu. Nikaandika chini yake: *Na mimi.*

Jumapili iliyofuata mzee Gekara akaingia bandani bila kutarajiwa. Akafungua kitabu penye madoa ya chai. Akafunua mbele, akaona penseli.

"Hiki ni kitabu cha kanisa au ni gunia la majani?"

"Ni mimi niliyewafundisha, mzee," Joab akasema.

"Basi wafundishe kufuta. Jumapili ijayo nisione hata nukta. La sivyo kitabu kinarudi sandukuni, na darasa limekwisha."

Mwalimu akaazima kifutio kwa karani wa mizani, akanipa mimi kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi. Nilifuta mistari, nikafuta maswali, nikipuliza vumbi polepole. Nilipofika penye ile sahani, mkono ulikataa. Nikiacha, wote watakosa kusoma kwa ajili yangu. Nikifuta, nitakuwa nimemfukuza mtu aliyekuja kuketi nami.

Nikakifunga kitabu kwa leso, nikateremka kambi ya chini.

"Nyanya wa ndizi amepotea njia!" wakanitania.

"Sijapotea. Nani aliandika hapa?"

Wakanionyesha nyumba ya mwisho. Mama mmoja mrefu alikuwa akianika samaki. Alikuwa Syprose. Tulikuwa tumechuma mistari iliyopakana misimu mingi, tukipeana njia tu. Akatazama ukurasa, akaona maneno yangu chini ya yake.

"Wako anaitwa nani?" akauliza.

"Atuti. Na wako?"

"Okello."

Akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa, akaiweka kati yetu. "Leo chakula chake tukile sisi." Samaki alikuwa na mifupa mingi. Alinitolea mmoja mmoja, kama mtu anayelisha mtoto. Nilipoaga akasema, "Futa tu, mama. Vijana wanalitaka darasa."

Sikuweza.

Jumapili mzee Gekara alifunua kurasa safi, moja baada ya nyingine. Nikasimama. "Mzee, kumebaki ukurasa mmoja. Kifutio hiki hapa. Mimi nimeshindwa."

Syprose akaja akasimama kando yangu. Mzee akasoma, midomo ikicheza. Akasoma muda mrefu. Hakukipokea kifutio. Alikifunga kitabu, akakitia kwapani, akaondoka.

"Limekwisha," Nyambeki akanong'ona.

Wiki ile tulichuma bila kujua kama kitabu kitarudi. Syprose alikuwa mstari wa pili, na kikapu changu kilipojaa alinisaidia kujitwika kabla sijaomba.

Jumapili nyingine mzee Gekara alitutangulia bandani. Kitabu kilikuwa juu ya meza ya mizani. "Endelea," akamwambia mwalimu, akaenda zake bila kututazama.

Nilikifungua pale pale. Chini ya maneno ya Syprose na yangu palikuwa na mstari wa tatu, kwa mkono wa mzee na wino mweusi wa kuandikia majina ya ubatizo, ule ambao kifutio hakiuwezi: *Bosire, ndugu yangu. Naye hakurudi.*

Nikamwita Syprose aje aone. Aliusoma kwa sauti ya chini, kisha akaupuliza polepole, ingawa wino ulikuwa umeshakauka.