Mtoki wa Cate

Nyangi alikuwa ameshatoa wembe kwenye karatasi Filister alipoingia, mguu wake wa kushoto ukimfuata polepole kama mzigo wa mtu mwingine.

Cate, binti wa Filister wa miaka kumi na miwili, alikuwa amelala mkekani, gauni limepandishwa. Kinenani alikuwa na mtoki, uvimbe mgumu kama mbegu ya parachichi.

"Umefika wakati mzuri," Nyangi alisema. "Mshike mabega."

Alisema kwa Kiswahili, kama siku zote. Yeye Mkuria, Filister Mjaluo, mjane wa mwanawe, na tangu mazishi hiyo lugha ya sokoni ndiyo iliyobaki kati yao. Hiyo, na Cate. Bibi alimlea hapa Migori karibu na shule. Mama alianika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Homa Bay, akija kila shule ikifungwa.

Wembe huo Filister aliujua. Miaka tisa nyuma naye alipata mtoki, akalala mkekani, na Nyangi, kwa upendo wake wote, akachanja mara tatu, akakamua, akapaka dawa nyeusi. Kidonda kilioza miezi miwili. Kilipofunga, mguu ukaanza kujaa, na haukurudi tena. Watu walisema amekanyaga uchawi uliofukiwa. Kule ufukweni wanawake walihamisha nyavu zao za kuanikia mbali na zake, mmoja mmoja, bila ugomvi.

"Usimkate, mama."

Nyangi alicheka kidogo. "Wewe nilikukata, na hukufa."

"Sikufa." Filister alipandisha sketi hadi gotini. "Lakini angalia."

Nyangi hakuangalia. Aliukunja wembe kwenye karatasi, akasema anayemtoa mtoto nyumbani kwake bila dawa asirudi kuomba chai.

Hospitalini daktari kijana, Oliver, hakuanza na kinena. Alimvua Cate soksi, akatenganisha vidole kimoja kimoja. Kati ya viwili vya mwisho kulikuwa na ncha ya mwiba, imezungukwa na usaha. Cate alisema alichomwa akicheza mpira pekupeku, akaogopa kumwambia Bibi.

Daktari alieleza taratibu, maana Filister alimwomba arudie. Kuna maji yanayochujika kutoka kwenye damu, yanaitwa limfu, na yana mishipa yake, myembamba kama uzi. Hayana moyo wa kuyasukuma. Yanapanda mtu akitembea, nyama za mguu zikiyakamua. Njiani yanapita kwenye tezi, kinenani, makwapani, shingoni, na tezi zinachuja uchafu. Zikikutana na vijidudu, zinavimba.

"Huu uvimbe ni kazi inafanyika," alisema. "Tafuta kidonda chini yake."

Aliutoa mwiba, akampa Cate dawa ya siku saba, akasema mtoki usiponywea kwa wiki mbili arudishwe.

"Na tezi ikikatwa?" Filister aliuliza.

Sasa ndipo daktari alipoutazama mguu wake.

"Maji yanakosa njia, mama. Yanabaki chini."

Aliuliza kama njia itarudi. Daktari alisema ile ya zamani, hapana, ila mguu unaweza kusaidiwa: uoshwe, ufungwe bendeji, uinuliwe, usuguliwe polepole. Aanzie juu. Juu kukifunguka, ndipo maji ya chini yatapata pa kwenda.

Cate alimalizia dawa kwa mama yake Homa Bay, na siku ya nane mtoki ulikuwa mdogo kama harage. Filister alimrudisha mtoto Migori. Nyangi alitoka hadi langoni, akamshika Cate mkono, akapapasa kinena juu ya gauni. Kisha akaingia naye. Lango alilifunga polepole, bila kulipiga. Filister alisimama nje kidogo. Harufu ya chai ilimfikia.

Jioni ya pili, Homa Bay, alikaa kwenye beseni lililopinduliwa, mguu juu ya gunia. Mbali kidogo wanawake waligeuza omena wakitaniana kuhusu mume wa mtu. Alianzia kinenani, penye makovu matatu, akasugua kwenda juu, halafu paja, halafu goti. Nyuma, kwenye shavu la mguu, mkono haukufika vizuri. Hapo panahitaji mtu wa pili.

Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akakitoa. Shimo lilibaki. Alikaa akilitazama, akingoja lijae.