Chupa Tupu Mapajani mwa Mama

...na sasa imezima, imezima kabisa, hapa hapa Nesitu, kwenye njia ya Uganda, lori la vitunguu mbele yangu limeshaanza kutembea na nyuma wanapiga honi, washa, Lado, washa, nakanyaga klachi, nageuza ufunguo, inalia kidogo halafu kimya, Pijo ya marehemu baba, imetutorosha kwenye vita mbili na leo ndiyo inanikatalia, leo, wakati msafara una wanajeshi mbele na nyuma na atakayeachwa hakuna wa kumrudia... "Lado, nini?" Ni Poni huko nyuma, mkono juu ya tumbo, mwezi wa nane huo, nasema hamna kitu mke wangu, inapumzika, uongo gani huu, gari gani hupumzika msafara unapoondoka... mwanajeshi anagonga boneti kwa kiganja, "Mzee, toa hii kitu kwa barabara, yala, watu naenda," na wenzake wanatusukuma pembeni hadi kwenye majani tukiwa ndani vile vile, na malori yanatupita, nimetoa mkono dirishani, chukueni wanawake, wanawake tu, lakini nani atasimama, anayesimama anakata mstari, na watu walio juu ya magunia wananitazama kisha wanatazama kwingine, ningekuwa juu kule na mimi ningetazama kwingine... Severino, jirani yetu pale Kator, alisema msafara unamchelewesha, akapita peke yake, akavamiwa njiani, Jumapili watu wakatuletea kiatu chake, kimoja, mkewe akakipangusa vumbi... washa, tafadhali... plagi nilisafisha mwenyewe jana, petroli nilinunua ile ya chupa za barabarani lakini nikaichuja kwa kitambaa, nikaiinua juani, safi, basi nini, mbona ilikohoa vile kabla ya kuzima, nakijua kikohozi hicho, ni maji, kuna maji kwenye petroli, lakini yametoka wapi... "Lado," mama anasema kando yangu, macho yako kwenye malori, "usisumbuke, ile moya ya padre itafanya kazi." Maji gani, mama? "Ile ya baraka. Baba yako hapana safiri bila kuwekea gari. Asubuhi wewe nafunga godoro juu, mimi nafungua pale nyuma, namwaga yote." Chupa iko mapajani mwake, tupu, kifuniko kimerudishwa vizuri... pale nyuma, mama, kwenye tangi, yote... baba alikuwa anamimina kwenye rejeta ya maji, matone mawili, mimi ndiye niliyemshikia kifuniko kule Uganda kila tulipohama kambi, anafanya ishara ya msalaba juu ya injini, anacheka, halafu anarudi ndani kukuambia wewe mama, Teresa, gari imebarikiwa, twende, nawe ulikuwa jikoni unafunga masufuria, hukuwahi kuona hata siku moja anamimina wapi, na mimi sikuwahi kukuambia, nani humwambia mama yake jambo kama hilo... nataka kupiga kelele, nataka kumuuliza kama anajua ametufanya nini, naogopa, spana ziko chini ya godoro na mabegi na cherehani, na hata nikizifikia, nikimwaga petroli yote hapa kwenye majani, nitatia nini, mate... linapita lori la mwisho, nyuma yake pikapu ya wanajeshi yenye bunduki juu, mmoja wao anatupungia mkono, anatupungia kama watu waliokuja kuaga... na mama peke yake ndani ya gari hii haogopi, ameshika rozari, amevaa gauni lake la Pasaka, ametulia kabisa, kwa sababu amefanya sehemu yake, ametulinda, nikimwambia sasa ataogopa kutuzidi sote, na hilo ndilo atakalokuwa nalo kichwani wavamizi wakitufikia... Poni kwenye kioo ananitazama, ameelewa, midomo yake imekauka, anatikisa kichwa polepole, usimwambie... vumbi la msafara limeshafika kwenye kona. "Baba yako naweka pale pale, si ndiyo?" Pale pale, mama. "Basi washa." Ndiyo, mama, nageuza ufunguo, taratibu, asikie kwamba bado najaribu.