Mshenga Aliyebaki Chumba cha Pili

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya mashine ya umeme ya darasa letu, mwanangu Twilumba mgongoni, nabisha hodi.

Niieleze kwanza mashine yenyewe, maana wengi hawajaiona. Ni boksi la chuma lenye vyumba vinne. Kila chumba kinatoa umeme wake, kwa kiasi utakachoagiza kutoka kwenye kompyuta. Ila kompyuta haisemi na chumba moja kwa moja. Katikati kuna programu ndogo inayobeba maneno, inaitwa draiva. Mwalimu Kilasi, anayetufundisha jioni hapa Njombe, alituambia, "Mchukulieni kama mshenga. Unamtuma, anapokelewa, anapewa namba ya kikao, anasema ulichomtuma. Ukimaliza unamwita kwa namba ile ile, anarudi. Usipomwita, atabaki amekaa. Na chumba chenye mshenga hakipokei mshenga mwingine."

Jana jioni niliandika kila kitu vizuri. Chumba cha pili, volti tano, namba ya kikao nikapewa. Halafu maziwa yakaanza kunichuruzika, nikajua Twilumba ameamka huko kwa jirani nilikomwacha, nikafunika kompyuta nikakimbia. Mshenga nilimkumbuka nikiwa kitandani.

Na asubuhi ni mtihani wa vitendo. Watu tisa, wote chumba hicho hicho cha pili, maana cha kwanza na cha nne ni vibovu, na cha tatu kinapasha joto sanduku la kutotolea vifaranga la darasa la ufugaji. Mayai kumi na mawili, siku ya ishirini na moja. Kuzima mashine nzima ni marufuku mpaka vifaranga watoke.

Basi, nabisha hodi. Mlango wa pili unafunguka.

Ndani ni sebule. Makochi yana vitambaa vya kufuma. Mzee mwenye koti na mwavuli amekaa, anakunywa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Twilumba. Hiki ni kikombe cha thelathini na tatu."

"Na viazi sahani sita," inasema sebule yenyewe, kwa sauti ya mwenye nyumba aliyechoka kwa adabu. "Aliingia, akasema volti tano. Tukakubali volti tano. Tangu hapo yuko kimya."

"Sikutumwa lingine," anasema mshenga.

"Basi simama twende, baba."

"Niite kwa namba yangu."

"Nimeisahau."

"Hapo sina la kufanya, mwanangu. Mimi ni wa hapa sasa." Anasogeza kikombe, sebule inamimina cha thelathini na nne.

Nachungulia nje. Wanafunzi wenzangu wanane wamepanga foleni, kila mmoja na mshenga wake, kila mshenga na mwavuli. Mbele kabisa ni Osmunda, ambaye hata darasani hakawii kusema.

"Mama Twilumba, huyo wako kahamia? Tumletee godoro?"

"Nakuja, dada. Subiri kidogo."

"Kidogo ya kwako tunaijua."

Ukutani kuna kitufe chekundu. Kinakohoa kidogo, kama karani anayetaka asikilizwe.

"Nibonyeze," kinasema. "Vyumba vyote vinne vitarudi sifuri. Mshenga atatoka, chai itakwisha, kila mtu ataanza upya. Mimi ni msafi sana."

"Na mayai ya chumba cha tatu?"

"Mayai gani? Mimi na majirani hatuzoeani."

Nikanyoosha kidole. Sikukibonyeza, nasema ukweli, lakini kidole kilinyooka. Ukuta ukaondoka kama pazia, na tukawa ndani ya sanduku la kutotolea, mimi, Twilumba na kitufe.

Humo kuna joto zuri. Mayai yamelala safu mbili, kila moja limeandikwa namba kwa penseli.

"Usibonyeze, mama," linasema yai la tisa. "Nje ni baridi ya Njombe."

"Najua, mwanangu."

"Na namba yako tunayo. Ukuta wetu na wa chumba cha pili ni mmoja, tulisikia akipokelewa. Ndani ya yai hakuna shughuli nyingi."

"Nitajieni basi."

"Mimi ni tisa, simo. Wanaohusika watajitokeza wenyewe."

Nikapiga magoti nikangoja. Yai la nne likapasuka. Kifaranga akatoka, akajikung'uta, akasimama pembeni kama mtu aliyemaliza kutoa ushahidi. Likafuata yai la kwanza. Kisha kimya.

"Nne, moja," nikasema. "Arobaini na moja, rudi nyumbani!"

Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka mbali. "Nani ananiita? Mimi niko Makambako, katikati ya posa ya watu."

"Samahani, baba. Endelea."

"Wamenuna sasa," akasema.

Hapo nikakumbuka, namba ina tarakimu tatu. Natazama mayai. Yai la saba linatikisika, linatulia. Linatikisika, linatulia. Huko nje namsikia Osmunda anapiga miayo kwa makusudi.

"Hilo halitoki," kinasema kitufe. "Nibonyeze tufanye mengine."

Twilumba naye alichelewa kuzaliwa siku tisa. Siku zile kila aliyekuja kunitazama alikuwa na kitufe chake. Mmoja alikuja na mizizi, mwingine na kamba ya kuruka. Mkunga peke yake ndiye aliyekaa kitini akasema, anakuja, mnaharakisha nini?

Nikakigeuzia kitufe mgongo. Nikamfungua Twilumba, nikamkalisha karibu na yai la saba.

"Da," akaliambia.

"Da," likajibu kutoka ndani.

Wakaongea hivyo muda mrefu. Sikuingilia, halikuwa suala langu. Ganda likafanya ufa. Twilumba akaingiza kidole, akabandua kipande, akakifumbata. Kifaranga wa saba akatoa kichwa, amelowa, akanitazama.

"Ulikuwa unanisubiri?"

"Ndiyo."

"Haya, ita."

Nikasimama, nikaweka kanga sawa, maana kuaga ni kuaga. "Mia nne kumi na saba, rudi nyumbani. Kazi umeifanya, ahsante."

Papo hapo tuko sebuleni. Mshenga anasimama, magoti yanalia kama chuma kinachopoa. Anaweka kikombe chini. Sebule inamshukuru kwa kuja, yeye anaishukuru kwa viazi.

"Ndiyo hivyo tu?" ananiuliza mlangoni.

"Ndiyo hivyo tu, baba."

"Kumbe kuniita ni neno moja. Nilidhani ni kazi kubwa, ndiyo maana ulikuwa unaikimbia."

Akafungua mwavuli, ingawa hapakuwa na mvua, akaenda. Taa ya kijani ikawaka juu ya mlango wa pili. Osmunda akanipita na mshenga wake, akanigusa bega. "Umempeleka mtoto shule mapema, wewe," akasema. Chumba cha tatu hakikuzimika hata kidogo.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, baridi imekaa juu ya blanketi kama paka. Twilumba alikuwa ameshaanza kunyonya mwenyewe, jicho moja wazi, mkono mmoja ameukunja ngumi.

Nikaufungua ule mkono niupashe joto. Kulikuwa na kipande cha ganda la yai, bado kina unyevu kwa ndani. Kwa nje kimeandikwa 7, kwa penseli.

Kwetu hatufugi kuku. Nikaufunga mkono wake tena, nikamwacha anyonye mpaka atosheke. Sikuwa na haraka ya kwenda kukiangalia chumba cha pili.